Namba Tasa za Mlango wa Stoo

"Tia sahihi," Mkuu wa upelelezi alisema, akaisukuma hati ya mashtaka juu ya meza mpaka ikagonga kikombe cha chai. "Gari la mahakamani linaondoka mchana huu. Nataka yule mwanamke awe ndani yake."

Mpelelezi hakuigusa. Wenzake walimwita Pasi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kupita juu ya jambo lile lile, huku na huku, bila haraka, mpaka mkunjo wa mwisho ulale. Alitandaza mezani vitu viwili: kadi ya plastiki iliyokuwa ndani ya mfuko wa ushahidi, na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kufuli la umeme la stoo ya dawa.

"Mkuu, nisomee namba iliyo chini ya jina, hapo kwenye kadi."

"Sina muda wa mchezo."

"Nisomee tu."

Mkuu akaisoma kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga. Namba iliishia na sabini na moja. Pasi akamgeuzia karatasi. Jina lilikuwa lile lile la mtunza stoo, na idara ni ile ile, lakini namba ya kadi iliyofungua mlango usiku wa wizi iliishia na kumi na nane.

"Kwa hiyo alikuwa na kadi mbili," Mkuu alisema. "Hapo hujamtetea, umempalia makaa."

"Ya kumi na nane ilikuwa kadi yake kabla ya likizo ya uzazi. Aliporudi kazini akapewa mpya, ile ya zamani ikakatwa. Aliyeikata ni mhandisi wa makufuli mwenyewe, amekiri kwenye kiapo chake. Halafu tazama tarehe. Kadi ya zamani ilikuwa imeisha muda. Hii iliyofungua mlango ilikuwa na muda wa mwaka mzima mbele. Si ya zamani, si mpya. Ni kadi ya tatu."

"Imetoka wapi, imeshuka na mvua?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

Mkuu akainuka, akafungua mlango nusu. Kwenye benchi la korido alikaa mwanamume mmoja, mikono imening'inia katikati ya magoti, macho sakafuni.

"Unamwona yule? Mkewe aliingizwa chumba cha upasuaji, kabati la dawa za nusukaputi likakutwa jeupe. Akafia njiani akihamishwa, yeye na mtoto wake tumboni. Kila asubuhi anakuja kukaa hapo. Jana, mtunza stoo alipopitishwa, alimrukia, askari watatu ndio waliomtoa. Leo nimwambie nini? Kwamba Pasi hapendi tarakimu mbili za mwisho?" Akaubamiza mlango. "Mhandisi ameapa kwamba kufuli lile halidanganyiki. Mlango unasema ni yeye. Wewe una nini?"

"Nina mkunjo."

"Basi unyooshe. Gari likiwaka hujarudi, natia sahihi mwenyewe, na kesho utakuwa unaelekeza magari barabarani."

Mahabusu ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la juu. Mtunza stoo alikuwa amesimama, mikono imefumbata kifua. Sweta lake lilikuwa limelowa mbele, madoa mawili makubwa. Hakusubiri salamu.

"Umekuja kuniuliza tena dawa nimezificha wapi?"

"Nimekuja kukuuliza kadi yako ya zamani ilikwenda wapi."

"Ilikatwa! Mbele ya macho yangu. Mhandisi alichukua mkasi, akaitia vipande kwenye debe la taka. Akanitania, 'Mama Kichanga, umerudi mpya, na kadi mpya.' Tukacheka. Leo ananiapia kwamba mimi mwizi."

"Hakusema wewe ni mwizi. Alisema mlango haudanganyiki."

"Tofauti yake nini, dada? Mlango ukiwa mkweli, mwongo ni nani?"

Pasi alirudi kwenye kadi. Aliuliza kama kuna mtu aliwahi kuiazima kadi, mume, shoga, mlinzi. Hakuna. Kama iliwahi kupotea. Haikuwahi. Kama usiku wa wizi alitoka nyumbani.

"Kwenda wapi na mtoto wa miezi mitatu? Kuiba sindano nimnyonyeshe?" Mtunza stoo alisogea kwenye nondo. "Asubuhi mama yangu kamleta hapa, kalia mpaka sauti imekauka, askari wenu wakawarudisha getini. Maziwa yananitoka, yanalowesha sakafu ya serikali. Mkinipeleka gerezani yatakauka, na yeye hajui chupa. Niulize la maana au uniache."

Pasi akaondoka. Hatua zake kwenye ngazi zilikuwa nzito kuliko kawaida yake.

Ofisi ya mhandisi wa makufuli ilikuwa juu ya duka la vioo. Ilikuwa safi, waya zote zimefungwa kwa vibano, kila bisibisi kwenye tundu lake. Mwenyewe alikuwa kijana aliyenyoa vizuri, mwenye sauti ya kueleza wagumu wa kuelewa.

"Nimeshaandika kila kitu kwenye kiapo, Afande."

"Nimekisoma. Nielezee kama vile sikukisoma."

Akavuta pumzi. "Kila mlango una namba yake kubwa, ya tarakimu zaidi ya mia tatu. Haifichwi. Iko kwenye kibandiko cha mlango, ule mraba wa vidoadoa. Elekeza simu, utaiona yote."

Pasi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amepita hospitalini kabla ya kufika hapo na simu yake ilikuwa na picha mbili, ya mlango wa stoo ya dawa na ya mlango wa chumba cha maiti.

"Kama haifichwi, inalinda nini?"

"Namba hiyo ni zao la namba mbili tasa. Hizo mbili ndizo siri. Mwenye kuzijua anaweza kutengeneza kadi ambayo mlango utaitii, kwa jina lolote atakalo. Asiyezijua atakesha mpaka azeeke. Unajua namba tasa?"

"Isiyogawanyika."

"Isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kumi na tatu ni tasa. Kumi na tano siyo, imezaliwa na tatu na tano. Za kwangu zina tarakimu mia moja na hamsini na kitu kila moja. Ukiona zao lake peke yake na ukaanza kutafuta linagawanyikia wapi, jua litazimika hujafika."

"Sasa wewe ulijuaje kwamba namba yako tasa haigawanyiki, kama kutafuta hakuishi?"

Kwa mara ya kwanza mhandisi alitabasamu, kama mzazi aliyeulizwa habari za mwanawe wa kwanza. "Hilo swali zuri. Watu wengi wanaipa namba majaribio. Namba isiyo tasa hushindwa karibu kila mara, kwa hiyo ikipita majaribio mengi wanaridhika. Mimi siridhiki na 'karibu'. Mimi naithibitisha. Hoja juu ya hoja, mpaka pasiwe na pa kutilia shaka hata sindano."

"Inachukua muda gani?"

"Ndani ya kisanduku hiki," akapapasa kijimashine cha kijivu, "kwa programu niliyoiandika mwenyewe, Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Kingine kingefanya haraka zaidi, lakini siri siiweki kwenye kompyuta yenye mtandao."

"Na kila mlango wa hospitali una namba iliyothibitishwa hivyo?"

"Kila mlango. Stoo, maabara, chumba cha maiti, ofisi ya mganga mkuu, yote. Andika."

Pasi akaandika. "Kazi yenyewe ulifanya lini?"

"Siku moja kabla ya ufunguzi wa jengo. Walinikurupusha, mgeni rasmi anakuja kesho yake na milango haina makufuli. Nilianza asubuhi, jioni nimemaliza. Waulize walinzi, walinipa soda."

"Na usiku wa wizi?"

"Nilikuwa nchi jirani nafunga makufuli ya benki." Pasipoti ikatua mezani kwa kishindo. "Na kisanduku nilikuwa nacho. Umeridhika?"

Pasi aliitazama mihuri mmoja mmoja, akairudisha. "Nitengenezee kadi ya mtunza stoo, nione."

Mhandisi akaguna, akaandika jina. Kisanduku kikajaza mengine chenyewe. Namba iliyotokea iliishia na sabini na moja.

"Iandike iishie na kumi na nane."

"Haiwezekani. Kinachukua kadi ya mwisho ya mfanyakazi. Nilikifunga hivyo makusudi, nisije nikakosea."

"Hata wewe huwezi?"

"Hata mimi siwezi." Akakizima. "Afande, najua ana mtoto mchanga. Watu wamenisema sana mtaani. Lakini hesabu haina ndugu. Siri ile haijavunjwa na haivunjiki. Mlango umesema ni yeye, ni yeye."

Pasi aliandika na hilo. Akafunga kalamu yake, akashuka ngazi.

Mhadhiri wa hisabati alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na wanafunzi walimwita Bi Kwanini. Alikuwa akisahihisha mitihani kwa hasira. Kalamu nyekundu ilikuwa ikichana karatasi.

"Kama umekuja kumwombea mtu maksi, rudi ulikotoka."

"Mimi ni polisi, Mwalimu. Nina hesabu isiyoingia."

Hapo Bi Kwanini aliinua kichwa. Pasi akaisema polepole. Namba moja inathibitishwa Ijumaa mpaka Jumapili. Milango ya hospitali nzima ilifungwa makufuli kwa siku moja. Na kila mlango una namba iliyothibitishwa.

"Nimehesabu kwa vidole," Pasi alisema. "Ama alidanganya kuhusu kuthibitisha, ama..."

"Alidanganya nani? Mtaje." Pasi alipomtaja mhandisi, mhadhiri alitupa kalamu. "Huyo hadanganyi kuhusu uthibitisho. Nimemfundisha mwenyewe. Angekufa kuliko kusema imethibitishwa wakati haijathibitishwa." Kisha akapiga meza, mitihani ikaruka. "Mjinga! Mjinga mwenye shahada niliyompa mimi! Ameirudia!"

"Ameirudia nini?"

"Simama ubaoni. Shika chaki. Zidisha 43 mara 47."

Pasi akazidisha, bila haraka. 2021.

"Sasa 43 mara 53."

2279.

"Hiyo ndiyo milango miwili. Wa kwanza umeandikwa 2021, wa pili 2279. Futa hizo ndogo. Mwizi hazioni, anaona vibandiko tu. Akichukua mlango mmoja akauuliza 'wazazi wako ni nani?', kwa namba kubwa hatajibiwa mpaka kiama, hapo kijana wako amesema kweli. Lakini milango ikiwa miwili, na imechangia mzazi, humwulizi yeyote. Unazikutanisha zenyewe. Kigawo kikubwa cha shirika, umekisoma shule ya msingi ukakichukia. Toa ndogo kwenye kubwa."

2279 kutoa 2021. Pasi akaandika 258.

"Sasa toa 258 kwenye 2021 mpaka ishindikane."

Pasi alitoa mara moja, mara mbili, akaendelea hadi akabakiwa na 215.

"215 kwenye 258."

"43."

"43 kwenye 215."

Pasi akatoa mara tano. Ubao ukabaki na sifuri. Alirudi nyuma hatua moja, akaitazama ile 43 iliyokuwa imekaa pale peke yake.

"Na sikugawanya kitu," alisema.

"Hukugawanya kitu! Umetoa tu, kama mtoto anayekula karanga. Haitaki akili, inataka subira. Na ukishapata mzazi mmoja, wa pili anajileta." Bi Kwanini alikuwa amevuta kompyuta. "Una vibandiko?"

Pasi akampa simu. Mhadhiri akaingiza namba ya stoo, akaingiza ya chumba cha maiti.

"Itachukua muda gani?" Pasi aliuliza.

"Imeshamaliza."

Kwenye skrini palikuwa na namba moja ndefu, mistari miwili ya tarakimu. Bi Kwanini alivaa miwani, akaisoma yote kimya kimya, kidole kikifuata. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni nzuri kweli, hii namba. Amepoteza mwisho wa wiki mzima kuipata, akaona hawezi kuweka mlangoni kitu ambacho hana hakika nacho. Zile za majaribio hakuziamini. Basi akaweka hii moja kila mahali, akawa anabadilisha mwenzake tu. Nilimfundisha kuithibitisha. Sikumfundisha kuirudia."

"Nani mwingine anaweza kufanya ulichofanya sasa hivi?"

"Yeyote aliyepita darasa langu la mwaka wa pili akiwa macho. Si wengi." Akafunga kompyuta, akaitia kwapani. "Mwanamke yuko ndani kwa ajili ya hii?"

"Gari linamsubiri."

"Twende. Na yule kijana mwiteni."

Walipofika kituoni gari la mahakamani lilikuwa limekwisha kuwashwa uani, moshi ukiingia madirishani. Koplo alikuwa amemleta mhandisi. Alikuwa amekaa mbele ya Mkuu, mguu juu ya mguu, na hati ya mashtaka ilikuwa katikati yao, kalamu juu yake. Alipomwona mhadhiri aliruka kutoka kitini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti."

Akaketi. Mguu haukupanda tena.

"Pasi," Mkuu alisema, "kama umeniletea mwalimu wa kunisomesha..."

"Nimeleta kazi ya dakika moja, Mkuu. Naomba utoke na simu yako mpaka kwenye chumba cha vielelezo. Kwenye mlango kuna kibandiko. Kisome."

"Cha nini?"

"Aliyefunga kufuli lile ni nani?"

Mkuu alimtazama mhandisi. Mhandisi alitazama dirishani. Chumba cha vielelezo kilikuwa mwisho wa korido ile ile. Ndani yake zilikuwa bunduki zilizokamatwa, magunia ya bangi, mapanga yenye lebo, kila kitu ambacho kituo kingekipeleka mbele ya hakimu mwaka ule. Mkuu alikwenda, akarudi, akaiweka simu mezani.

Bi Kwanini akaingiza namba ya mlango wa polisi. Akaingiza ya stoo ya hospitali. Kidole chake kilipogusa kitufe cha mwisho mhandisi alijirusha juu ya meza na kuifunika skrini kwa viganja vyote viwili.

"Msiionyeshe! Mwalimu, tafadhali, msiionyeshe!"

Injini ya gari ilisikika ikinguruma chini.

"Toa mikono," Mkuu alisema.

Mikono ikatoka. Mistari miwili ya tarakimu ilikuwa pale.

"Hiki nini?"

"Ni namba tasa, Mkuu," Bi Kwanini alijibu. "Imethibitishwa. Kwa hilo nampa maksi zote. Imo kwenye mlango wa dawa, imo kwenye mlango wa maiti, na imo kwenye mlango wa bunduki zako. Mwenye simu na vibandiko viwili anaingia popote kwa jina la yeyote. Leo nikitaka, naingia kwa jina lako."

Mkuu alibadilika rangi. "Wewe mtoto! Umeniwekea kitasa cha chumba cha maiti kwenye bunduki zangu?"

"Ile tasa ya pili niliibadilisha kwa kila mlango," mhandisi alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa ya hakika. Nyingine zilikuwa za majaribio tu. Sikutaka kumwekea mtu kitu cha kubahatisha. Nilikuja kuliona kosa baadaye, wiki nyingine kabisa, naoga."

Pasi alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. "Kabla ya kiapo au baada ya kiapo?"

Mhandisi alianza kupangusa skrini kwa mkono wa shati.

"Nimeuliza. Ulipoinua mkono ukasema mlango haudanganyiki, ulikuwa unajua?"

"Ningesema, Afande, ningekuwa nimefungua milango yote kwa siku moja. Benki, hospitali, hapa. Kila mwizi angejua. Nilitaka nibadilishe moja moja kwanza, kimya kimya."

"Milango ilikuwa wazi tayari." Pasi aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mhandisi. Hakupandisha sauti, na Koplo aliyekuwa mlangoni alishusha macho. "Ulichofunga ni mtu. Ulimfunga mwanamke anayenyonyesha, ili namba yako isiaibike."

Mkuu alikuwa ameshatoa pingu kwenye droo. "Mwizi ndiye huyu. Siri anayo, kisanduku anacho. Koplo!"

"Si yeye, Mkuu."

"Pasi, usinitie wazimu!"

"Kwa kiapo cha uongo mfunge, sina neno. Kwa wizi, hapana. Kisanduku chake kinajaza namba ya kadi chenyewe, na kwa mtunza stoo kinaandika sabini na moja. Nimekiona. Aliyetengeneza kadi ya tatu aliandika kumi na nane, maana yake hakuwa na kisanduku. Alivunja kwa hesabu, kama tulivyovunja sisi hapa, halafu akaandika namba ya kadi aliyoikumbuka. Aliijua kabla mama huyu hajaenda kujifungua, na hakuwa na habari kwamba imebadilishwa. Ni mtu wa mle ndani, au aliyekuwa wa mle ndani."

Mkuu alibaki na pingu mkononi, akipumua kwa nguvu. Aliitazama skrini, akamtazama mhandisi, akaitazama hati. Kisha akapiga mstari mmoja mrefu juu yake, wa kona kwa kona, kalamu ikatoboa karatasi.

"Koplo, kawaambie wazime hilo gari. Mtoeni mtunza stoo. Na wewe," akamwelekezea mhandisi kalamu, "utaandika kiapo kingine sasa hivi, na useme ulichokijua na lini ulikijua. Ukiruka neno moja nakulaza humo humo alimolala yeye."

Mhandisi akaandika. Bi Kwanini alisimama juu yake na kumsomea kila mstari kwa sauti, na mara mbili alisema, "Kwanini?", naye akafuta na kuandika upya.

Mtunza stoo alipoletwa hakuketi. Koplo alimpa mkoba wake na viatu, akamwambia yuko huru, aende nyumbani.

"Huru?" Alirudia neno kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Na yule aliye kwenye benchi, yeye ameambiwa?"

Mkuu akarudisha pingu kwenye droo.

"Mkinitoa kimya kimya, kesho atasema nimehonga. Mtaa mzima utasema nimehonga. Nitapita wapi na mwanangu mgongoni?" Akamgeukia mhandisi. "Uliapa kwa sauti. Tangulia mbele, useme kwa sauti."

Mhandisi alimtazama Mkuu. Mkuu akamfungulia mlango.

Kwenye korido, mume wa marehemu aliinuka alipomwona mtunza stoo, ngumi zimekazwa. Pasi akaingia katikati. Mhandisi alisimama mbele ya yule mwanamume, karatasi mkononi, akaanza kueleza habari za namba tasa na zao lake.

"Sikuelewi," mwanamume alisema. "Sema kwa lugha ya watu."

"Kufuli langu lilikuwa bovu. Mtu mwingine aliingia kwa jina lake. Yeye hakuchukua dawa."

"Ulijua ni bovu?"

"Nilijua."

"Mke wangu alipokuwa amelala pale, akisubiri sindano, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Mwanamume alimshika ukosi wa shati, akamvuta mpaka paji la uso likagusana na paji la uso. Koplo alipiga hatua, Pasi akamzuia kwa mkono. Walikaa hivyo. Kisha ngumi ikalegea yenyewe, na mwanamume akamsukuma kando kama mtu anayesogeza kiti. Akamtazama mtunza stoo.

"Mama," alisema. "Jana mimi..."

"Jana ulinifanyia ambalo ningemfanyia aliyeniulia wangu. Sitaki tuliongee." Mtunza stoo alikaa kwenye ncha ya benchi, mbali naye, mkoba magotini, sweta bado bichi. Alimwita Pasi kwa kidole. "Dada, njoo. Koplo kaniambia mnatafuta nani aliijua namba ya kadi yangu ya zamani."

"Nenda kwanza ukamnyonyeshe mtoto," Pasi alisema. "Nitakuja nyumbani, tuongee polepole."

"Hapana. Niulize sasa hivi, hasira ikiwa bado moto. Nikishamshika mwanangu nitaanza kuwaonea watu huruma."

Pasi akaketi kati yao wawili, akafungua kalamu, akaanza kuuliza.